Uwanja Usiotuamisha Tone

Nyuma ya kanisa palikuwa na mtaa ulioteremka mpaka kisimani. Nyumba ya tatu kutoka chini ilikuwa ya mwashi. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Ukumbi huo ulikuwa mwembamba hata paka akitaka kugeuka ilimbidi atoke nje kwanza. Humo ukumbini mke wa mwashi aliweka cherehani chake. Alishona sare za shule, mapazia na majoho ya kwaya.

Chumba cha pili alilala mama wa mwashi. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Alikuwa mzee kweli. Mwenyewe alisema alizaliwa kabla kilima hakijamaliza kukua. Meno hakuwa nayo, ila maneno alikuwa nayo ya kugawa. Kila asubuhi alikaa mlangoni na kuwakagua wapita njia.

"Wewe, suruali hiyo umeazima?" aliuliza.

"Ni yangu, Bibi."

"Basi kiuno chake umemwazima nani?"

Watu walicheka wakaenda kazini. Siku ambayo Bibi hakumtania mtu, mtu huyo alidhani amemkosea.

Mwashi naye alipewa jina la Sakafu. Jina hilo lilitokana na uwanja wa kanisa. Zamani uwanja ule ulikuwa wa udongo. Mvua ikinyesha, waumini waliingia ibadani na matope mpaka magotini. Kamati ya kanisa ikanunua saruji na mchanga. Kazi ya kuimwaga na kuisawazisha akaitoa mwashi bure. Alisema, "Hii ndiyo sadaka yangu."

Aliifanya kazi ile kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Ilipokwisha, uwanja uling'aa. Watu walisema inzi akitua pale huteleza mpaka getini, akifika chini anaomba fimbo. Sakafu alipenda sana kueleza siri yake.

"Nimeupa mteremko," alimwambia mama yake. "Mvua inyeshe wiki nzima, uwanja ule hautuamishi hata tone."

Bibi alimtazama. "Na hilo tone lisilotuama kule, linakwenda kutuama wapi?"

Sakafu akacheka. "Mama, hilo mwachie Mungu."

"Haya. Mungu naye ana kazi nyingi."

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilinyesha mchana. Ilikuwa kubwa. Samaki wenyewe wangetafuta pa kujibanza. Mtaa wa nyuma ya kanisa ulikuwa umezoea mvua, lakini haukuzoea ile. Maji yalishuka kwa kasi, yakapiga milango, yakaingia ndani. Yalipita kwenye vyoo vya shimo, yakatoka na vilivyomo. Mke wa Sakafu alikinyanyua cherehani na kukiweka mezani. Bibi alinyanyua miguu na kukaa kitandani kama malkia aliyetekwa.

Jirani yao alikuwa Mama Mkaa. Huyo alikuwa mjane aliyeuza mkaa kwa makopo. Alikuwa na mjukuu mmoja na ulimi mmoja, na vyote viwili havikutulia. Siku ile magunia yake yote yalilowa.

Kesho yake kanisa lilikuja. Kanisa lile lilikuwa na watu wenye huruma ya kweli, jambo hilo tuseme wazi. Walikuja na mablanketi na sabuni. Kwaya ilikuja pia. Waliimba nyumba kwa nyumba, wakaomba, wakapiga picha, wakaondoka. Sakafu alikuwa miongoni mwao. Alibeba mablanketi kichwani, akasahau kwamba nyumba yake nayo ilikuwa imelowa.

Mama Mkaa alipokea blanketi lake. "Asanteni. Ila mkaa wangu umelowa, nanyi mmeniletea wimbo. Wimbo huo unawaka?"

"Mama Mkaa," alisema Sakafu, "mkono unaokupa haupigwi."

"Mkono unaonipa nauona. Mimi nautafuta ule ulionimwagia maji."

"Mvua ni ya Mungu."

"Mungu amenyesha hapa tangu niolewe, na mkaa wangu ukawa mkavu. Amebadilika lini?"

Sakafu alikasirika. Jioni alimwambia mkewe, "Yule mwanamke hana shukrani."

Mkewe alikuwa anakamua shuka. "Hana shukrani, sawa. Lakini hajasema uongo. Maji haya hatukuwa nayo zamani."

"Dunia imebadilika. Hata redio inasema."

"Dunia imebadilika mtaa huu tu? Mtaa wa pili ni mkavu."

Sakafu aliinama chini ya kitanda. Alijifanya anatafuta kiatu.

Mvua ya pili ilikuja, na mablanketi yakaja. Mvua ya tatu ikaja, na mablanketi yakaja tena. Kila nyumba sasa ilikuwa na mablanketi ya kutosha kumfunika tembo na ndugu zake. Hakuna nyumba iliyokuwa na sakafu kavu.

Baada ya mvua ya tatu, Bibi aliamka hana utani. Tumbo lilikuwa linamwendesha. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Mchana alishindwa kusimama.

"Nipeni maji," alisema.

Mke wa Sakafu alikuwa anampenda mkwewe. Lakini alikuwa amesikia kwa mama yake, naye mama yake alisikia kwa mama yake, kwamba mtu anayeharisha hapewi maji. Ukimpa maji, unaliongezea tumbo kazi.

"Vumilia kidogo, mama," alimwambia. "Tumbo likifunga nitakupa."

"Litafunga mimi nikiwa nimekwisha fungwa sanda," alisema Bibi. Sauti ilikuwa ndogo. Hakuna aliyecheka.

Nyumba ya juu yao aliishi muuguzi wa zahanati, muumini wa kanisa lile. Aliporudi kutoka kazini, Sakafu alimkimbilia. Muuguzi aliingia chumbani na kupiga magoti. Macho ya Bibi yalikuwa yamezama. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Muuguzi alifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama.

"Amekunywa nini tangu asubuhi?" aliuliza.

Mke wa Sakafu aliangalia chini. "Hatukumpa maji, dada. Tuliogopa atazidi."

Muuguzi hakumgombeza. Alisema upesi upesi, huku anavua mkoba. "Sikiliza. Anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Hicho ndicho kinachoua. Anayeharisha apewe maji zaidi, tena mapema, kidogo kidogo, bila kuacha. Una sukari? Una chumvi? Maji uliyochemsha yako wapi?"

"Hatuchemshi. Tunachota kisimani."

"Kisima kile ambacho maji ya vyoo yamekipitia?"

Muuguzi akakimbia kwake, akarudi na kikombe cha maji yaliyochemshwa, akatia sukari na chumvi.

Walimpakia Bibi kwenye mkokoteni wa kubebea mchanga. Sakafu alisukuma, mkewe alishika kichwa cha Bibi, muuguzi alitembea pembeni akimnywesha kwa kijiko. Walipofika kona ya kanisa, Bibi alifumbua macho.

"Leo nabebwa kama mfuko wa saruji," alisema. "Angalia usinimwage, fundi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Zahanati walimtundikia maji ya mshipa, lakini walikuwa wamechelewa. Alifariki kabla jua halijatua.

Msibani watu walikuwa wengi. Wote walikuwa wametaniwa na Bibi, na kila mmoja alitaka kusimulia utani wake. Mke wa Sakafu alikaa pembeni peke yake. Muuguzi alikwenda kukaa naye.

"Nimemuua mama wa mume wangu," alisema yule mwanamke.

"Ulifanya ulichofundishwa. Kosa litakuwa kubaki na mafundisho hayo. Nikueleze ninachowaeleza wote?"

"Nieleze."

"Maji ya kunywa myachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa. Yafunikeni. Mtu akianza kuharisha, njoo zahanati uchukue paketi za unga wa chumvi na sukari. Ukiwa huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usirundike kijiko, kisawazishe. Mnyweshe kila mara. Akitapika, ngoja kidogo, uendelee. Na ukiona macho yanazama au hawezi kunywa, usikae nyumbani."

Mke wa Sakafu alirudia kwa sauti ya chini. "Sita sukari. Nusu chumvi."

"Hivyo hivyo."

Ndipo mchungaji alipofika. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri. Nyuma yake wanawake wawili wa kanisa walibeba blanketi jipya. Alimshika Sakafu mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Tuyapokee mapenzi ya Mungu."

"Mchungaji," alisema muuguzi, "kabla hatujamsingizia Mungu, nina ombi. Utatembea nasi kidogo?"

"Kwenda wapi? Mvua inaanza."

"Ndiyo maana nataka twende sasa. Vua viatu."

Watu walitazamana. Mchungaji alisita. Kisha aliinama akafungua kamba, akakunja suruali. Miguu yake ilikuwa myembamba na myeupe kwa kuvaa soksi. Mama Mkaa alitangulia mbele. Sakafu alifuata kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

"Tutafanya jambo moja tu," alisema muuguzi. "Mvua imeshuka, maji yanashuka. Sisi tutapanda nayo mpaka tuone yanatoka wapi. Mkono mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayefuata uzi."

Walianzia kisimani. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanaingia kwa juu ya ukingo. Walipanda. Walipita kwenye choo cha shimo kilichobomoka upande. Mchungaji aliziba pua.

"Usizibe, Mchungaji," alisema Mama Mkaa. "Sisi tunakula hapa."

Walipita nyumba ya Sakafu. Walipita magunia ya mkaa yaliyogeuka uji mweusi. Maji yalizidi nguvu kadiri walivyopanda. Kilimani njia zilikuwa tatu, lakini mbili zilikuwa na vijito vidogo tu. Njia ya tatu ilikuwa na mto. Waliufuata mto huo. Ulipinda mara moja, ukanyooka, ukafika kwenye geti la chini la kanisa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya geti kama maziwa yaliyochemka na kumwagika. Nyuma ya geti uwanja ulikuwa unang'aa. Juu yake hapakuwa na hata dimbwi.

Sakafu aliutazama ukuta wa pembeni.

"Hapa palikuwa na mfereji," alisema.

"Mfereji gani?" aliuliza mchungaji.

"Ulipita kandokando ya ukuta. Ulichukua maji yote ya barabara ya juu na ya paa la kanisa, ukayapeleka kwenye mtaro mkubwa wa barabarani."

"Sasa uko wapi?"

"Uko chini ya miguu yako. Niliujaza kifusi mwenyewe, nikaufunika kwa zege."

"Kwa nini?"

"Kamati ilisema unachukiza macho. Magurudumu ya magari yalikuwa yanatumbukia. Nikaambiwa nitandaze mpaka ukutani, pawe sawasawa."

Mchungaji alifuta uso. Huenda ilikuwa mvua. "Mimi ndiye niliyesema," alisema. "Nakumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi."

Mama Mkaa alikuwa amesubiri siku ile muda mrefu. Alikuwa na maneno ya kujaza gunia. Alipomwona Sakafu ameinama kuligusa zege lake, aliyameza yote. Alisema tu, "Turudi. Msiba hauna mwenyewe kule."

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilikaa. Mchungaji aliagiza watu wa mtaa wa chini nao waitwe, hata wasiosali pale. Ilikuwa mara ya kwanza. Miaka yote kanisa liliwapelekea vitu. Halikuwahi kuwapa kiti.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari na vifaa vya ujenzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Jambo hili ni zito, na tumeumia. Lakini Askofu anakuja kuuzindua uwanja. Tukiuvunja sasa tutamwonyesha nini? Mimi naona tungoje apite. Kwa sasa tuongeze mablanketi."

"Na mvua nayo mmeiambia ingoje Askofu?" aliuliza Mama Mkaa.

"Mama, tunajaribu kusaidia."

"Najua. Mnanisaidia mpaka nataka kuhama."

Wengine walicheka, wengine walikunja uso. Muuguzi aliomba nafasi.

"Wapendwa, blanketi si kosa. Mtu aliyelowa mfunike. Lakini akilowa mara ya pili mahali pale pale, muulize maji yametoka wapi. Akilowa mara ya tatu nawe bado unamletea blanketi tu, basi unajifurahisha mwenyewe. Huruma inamfuta mtu maji. Haki inakwenda kuufunga mlango yanakotokea, hata kama mlango huo ni wetu. Mara tatu tumekwenda mtaa ule. Kuna aliyewauliza wanahitaji nini?"

Mwanamke mmoja wa kwaya alianza kulia.

Sakafu alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alishika mgongo wa benchi.

"Uwanja ule ni sadaka yangu," alisema. "Sikulipwa. Kwa hiyo naona nina haki ya kuomba. Naomba niuvunje."

"Fundi, tunakuelewa, una uchungu," alisema mwenyekiti.

"Hujanielewa, mzee. Mama yangu alikunywa maji yaliyopita juu ya sadaka yangu. Niliposimama pale getini niliupenda uwanja ule bado. Niliuona umekaa vizuri, sina uongo. Nikajiona mimi ni mtu wa namna gani. Askofu akija, mwambieni alitaka kuzindua kitu kilichoua. Mimi kesho nakuja na nyundo. Atakayenizuia aje azuie."

Alikaa. Mwenyekiti alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Nina masepetu dukani. Mapya. Nitayaleta."

Waliamua na mengine. Kabla ya kutoa msaada wowote, watakwenda kukaa na watu na kuwauliza. Watu watatu wa mtaa wa chini wataingia kwenye kamati. Hakuna mtu atakayepigwa picha akipokea msaada. Bwana afya ataitwa akitie kisima dawa, na ukingo wake utainuliwa kwa matofali. Mama Mkaa alichaguliwa kuingia kamatini. Alikataa, akabembelezwa, akakubali kwa sharti kwamba asilazimishwe kuimba.

Kesho yake walikuja wengi. Sakafu alipiga nyundo ya kwanza. Alichora mstari kwa chaki kandokando ya ukuta, akauvunja uwanja kwa tindo, kipande kwa kipande, bila kuharibu pembeni. Hata kuvunja alivunja vizuri. Wanaume walizoa kifusi, wanawake walipokezana ndoo, mchungaji alisukuma toroli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Chini ya kifusi mfereji wa zamani ulikuwa mzima kabisa. Waliusafisha, wakaufunika kwa vibamba vya zege vyenye matundu, vilivyonunuliwa tayari, ili magari yasitumbukie. Mwenyekiti alipoleta chakula cha mchana, hapakuwa na kazi iliyobaki.

Askofu alikuja, akauona mfereji ule kandokando ya ukuta, akauliza habari zake. Mchungaji alimweleza yote mbele ya watu, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Uzinduzi haukufanyika. Walifanya maombi ya kumkumbuka Bibi. Watu wa mtaa wa chini walikaa viti vya mbele. Nusu yao walikuwa wamekuja kuhakikisha tu kwamba yatasemwa kweli.

Kabla kisima hakijatiwa dawa, mjukuu wa Mama Mkaa alianza kuharisha. Mke wa Sakafu alisikia, akaacha vazi likiwa nusu limeshonwa. Alichemsha, akapoza, akapima, akakaa na yule mtoto akimnywesha kwa kijiko, asubuhi mpaka jioni. Mtoto alipona. Mama Mkaa alimletea kopo la mkaa. Hakuna aliyetamka jina la Bibi, ila wote wawili walikuwa wanamfikiria.

Kisha masika yalianza. Ilinyesha kama mbingu zimetoboka kitako. Mtaa wa chini watu walikaa milangoni wakiangalia njia. Njia ililowa kama njia zote. Maji hayakuja. Mama Mkaa aliuza mkaa mkavu siku nzima, akapandisha bei kidogo.

Mke wa Sakafu alishona mpaka akagundua mumewe hayupo. Alichukua mwavuli, akapanda mpaka kanisani. Alimkuta amesimama kwenye mvua, amelowa chapachapa, anatazama kwenye matundu ya vibamba. Chini yake maji yalikuwa yanakimbia kuelekea mtaroni.

"Ingia ndani, mume wangu. Utaugua."

"Naangalia."

"Yanapita?"

"Yanapita vizuri."

"Basi twende."

Hakusogea. Mkewe alimfunika na mwavuli, ukawa haumtoshi yeyote kati yao.

"Ilikuwa kazi ya asubuhi moja," alisema Sakafu. "Asubuhi moja tu, mke wangu. Hata chakula cha mchana tulikila tumemaliza."